Kuanza Kuvua kwa Mshipi Ukiwa Nairobi: Kutoka Bwawa la Tilapia hadi Mto wa Trauti

Samoni anayeuzwa katika maduka makubwa ya Nairobi hakuvuliwa Kenya. Ameletwa kwa ndege akiwa kwenye barafu kutoka nchi za baridi, hasa Norway, na hakuna mto wetu hata mmoja anamoishi. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu watu wengi wanaotaka kujifunza kuvua kwa starehe huanza kwa kuuliza samoni anapatikana wapi, na wakiambiwa hayupo hudhani kwamba uvuvi wa aina hiyo hauwahusu. Unawahusu sana. Jamaa wa samoni yuko karibu nasi, katika mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na jina lake ni trauti. Trauti wa kahawia, Salmo trutta, ni wa jenasi moja na samoni wa Atlantiki, Salmo salar. Na trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, ni wa jenasi moja na samoni wa Pasifiki. Anayejua kumvua trauti wa Nyeri amejifunza sehemu kubwa ya kazi ya kumvua samoni wa Uskoti.

Trauti si mwenyeji wa Kenya. Mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yaliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, na samaki wakawekwa katika Mto Gura. Trauti wa upinde wa mvua walifuata mwaka 1910 kutoka Afrika Kusini. Waliendelea kuishi huko juu kwa sababu moja kubwa, nayo ni baridi. Maji baridi hubeba hewa ya oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu, na trauti huihitaji hewa hiyo kwa wingi. Maji yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi anaanza kutaabika. Ndiyo maana humpati Athi wala Tana ya chini, bali kwenye mito ya milimani ambako ukitia mkono majini vidole vinakufa ganzi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi Nairobi, ambaye hajawahi kushika ufito wa kuvulia, na anayetaka kuvua kwa kupumzika na kula samaki aliyemvua mwenyewe mara mojamoja. Nimeupanga kwa mfuatano ambao ningetaka mimi mwenyewe kufundishwa: maji yaliyotulia kwanza, ziwa baadaye, mto wa trauti mwisho. Jambo moja litajirudia kote, na naomba msomaji alichukue kwa uzito: nusu saa ya kwanza ukifika majini ni ya kutazama, si ya kuvua. Wanaoanza hutumia fedha nyingi kununua vifaa na dakika chache kuyasoma maji, ilhali samaki hajali bei ya ufito wako.

Hatua ya kwanza: tafuta bwawa la samaki

Usianze mtoni. Mto una mkondo, vichaka, mawe yanayoteleza na samaki mwenye hofu, na mambo hayo manne kwa pamoja humkatisha tamaa mgeni. Anza kwenye bwawa la mfugaji. Kiambu, Limuru, Thika na Sagana kuna wafugaji wa tilapia na kambale, na baadhi yao humruhusu mgeni kuvua kwa mshipi kisha akanunua kwa kilo alichokivua. Kabla ya kusafiri, piga simu na uulize mambo matatu: kama mshipi unaruhusiwa, kama samaki unayemvua ni lazima umnunue au unaweza kumrudisha, na kama unaweza kuja na chambo chako. Wafugaji wengine hawataki samaki arudishwe akiwa na jeraha la ndoano, na wana haki, kwa sababu jeraha huota ukungu na samaki hufa bwawani.

Jiepushe na kuvua ndani ya jiji. Mto Nairobi na vijito vyake hupokea maji machafu ya mitaa na ya viwanda, na Bwawa la Nairobi lililo kando ya Kibera limejaa taka na magugu. Hata ukimwona samaki humo, si wa kuliwa.

Hatua ya pili: vifaa vichache, vilivyo sawa

Kwa bwawa la tilapia mwanzi mkavu wa futi 10, wenye mshipi wa nailoni uliofungwa ncha, unatosha kabisa, na wako wavuvi wazuri ambao hawajawahi kutumia kitu kingine. Ukitaka ufito wa dukani, chagua wa futi 6 hadi 7, mwepesi, wenye rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) iliyo wazi mbele ambayo mshipi hutoka bila kizuizi unapotupa. Mshipi uwe wa ratili 6 au 8, yaani unaohimili uzito huo bila kukatika. Ndoano ziwe za namba 8 hadi 12. Ukumbuke kwamba katika ndoano hizi namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo, na mdomo wa tilapia ni mdogo kuliko anavyodhani anayemjua kwenye sahani tu. Ongeza chelezo chepesi kama kidole, chubwi ndogo chache za kubana kwenye mshipi, koleo yenye ncha nyembamba ya kutolea ndoano, na wavu wa mkono. Kofia na miwani si mapambo: ndoano inayoruka hewani haichagui jicho.

Fundo la kufungia ndoano lijifunze nyumbani, mezani, kwa mshipi mnene unaoonekana vizuri. Pitisha ncha ya mshipi katika tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara 5 au 6, irudishe ncha kwenye kitanzi kidogo kilichobaki jirani na tundu, kisha ipitishe tena katika kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kabla ya kukaza, lilowanishe fundo kwa mate. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto kwa msuguano na kupoteza nguvu zake mahali pale pale unapozihitaji. Fundo likikazwa vizuri mizunguko hulala sambamba kama uzi kwenye kigurudumu cha cherehani. Likikaa ovyo, likate ufunge upya. Samaki mkubwa niliyempoteza katika mwaka wangu wa kwanza alikatika kwenye fundo nililoliona lina kasoro nikasema litashika.

Hatua ya tatu: chambo na chelezo

Nyungunyungu anayechimbwa chini ya samadi au kando ya mfereji wa maji ya jikoni humvutia karibu kila samaki wa maji yasiyo ya chumvi. Kwa tilapia, hata hivyo, ugali hushinda. Songa ugali mgumu kuliko wa kuliwa, uache upoe, kisha uukande pamoja na unga kidogo wa ngano mpaka uwe na mnato wa udongo wa mfinyanzi. Finyanga kidonge kama punje ya kunde na uifunike ncha ya ndoano. Kidonge kikubwa humfanya tilapia amege pembeni na kukuachia chuma kitupu.

Sasa kaa chini, mbali na ukingo kwa hatua mbili tatu, na utazame. Kwenye maji ya kina kifupi utaona mashimo ya mviringo kama sahani yaliyochimbwa chini. Hayo ni makao ya tilapia dume wanaojiandaa kuzaliana, na wenyewe hawako mbali. Tazama upepo unakosukumia vumbi na majani, kwa kuwa chakula cha samaki husukumwa huko pia. Tazama mfugaji anaposimama kuwarushia chakula. Samaki wanapajua mahali hapo kama kuku wajuavyo mlango wa jikoni. Tazama kivuli cha mti saa jua linapopanda. Baada ya hapo ndipo uchague mahali pa kutupa.

Weka chelezo kwa namna ambayo chambo kinaning'inia shubiri moja juu ya matope. Tupa taratibu, kaza mshipi kidogo usilegee majini, na subiri. Tilapia hadaki chambo kwa pupa. Chelezo kitatetemeka, kitatulia, kitatetemeka tena, na hapo mkono wa mgeni huvuta kwa msisimko na kutoka mtupu. Usivute kwa mtetemo. Ngoja chelezo kizame au kianze kusafiri upande mmoja bila kusita, ndipo uinue ncha ya ufito kwa mwendo mmoja imara, bila kurusha. Kambale ni tofauti: huchukua chambo na kuondoka nacho moja kwa moja, hupenda nyama na maini, na hula zaidi giza likiingia. Unapomshika, kumbuka kwamba mapezi yake ya ubavuni yana miiba migumu. Mkamate nyuma ya miiba hiyo, kidole gumba upande mmoja na vidole vingine upande wa pili.

Rudia hatua hii mara nne au tano kabla ya kusonga mbele. Utakuwa umejifunza kufunga, kutupa, kusubiri na kumtoa samaki bila kumtesa, na huo ndio msingi wa yote yanayofuata.

Hatua ya nne: Naivasha

Ziwa Naivasha liko yapata kilomita 90 kutoka Nairobi na linafaa kwa safari ya siku moja. Humo mna tilapia, mna karpi ambaye alianza kuonekana mwaka 2001 na sasa amejaa, na mna besi mdomo-mpana, samaki wa Amerika Kaskazini aliyepandikizwa mwaka 1929 mahususi kwa ajili ya wavuvi wa starehe. Besi ndiye mwalimu wa hatua hii kwa sababu ni mwindaji: hujificha kwenye mafunjo, chini ya magugu yanayoelea na kati ya miti iliyozama maji yalipopanda, akingoja samaki mdogo apite. Basi huhitaji chambo hai. Unatupa samaki wa bandia wa mpira au wa chuma kinachong'aa karibu kabisa na ukingo wa mafunjo, unamwacha azame kidogo, kisha unavuta kwa vipindi, kama samaki aliyejeruhiwa anayejikokota. Mshipi uwe wa ratili 8 hadi 10, maana akidaka hukimbilia mizizini, na ukimpa nafasi anauzungusha mshipi kwenye kigogo na kuukata.

Kwa ziwa hili ni lazima uwe na mashua, nahodha anayelijua ziwa, na jaketi okozi iliyofungwa mwilini, si iliyowekwa chini ya kiti. Kiboko ndiye sababu ya kwanza. Hutoka majini usiku kwenda malishoni na kurudi alfajiri, na wakati huo hutaki kuwa umesimama kati yake na maji. Mchana hukaa majini karibu na mafunjo yale yale anakoishi besi. Nahodha akisema mahali fulani hapaendeki, usibishane naye hata kama umeona samaki wakiruka. Upepo ndio sababu ya pili. Asubuhi ziwa huwa kama kioo, lakini mchana upepo huamka na mawimbi mafupi makali hujaa haraka, kwa hiyo anza saa kumi na mbili na uwe umerudi ufukweni kabla ya saa saba. Uvuvi wa starehe nchini unahitaji leseni, kwa mujibu wa sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na Naivasha huwekewa vipindi ambavyo uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane; waulize maafisa wa uvuvi kabla ya kulipia mashua.

Hatua ya tano: jifunze kurusha inzi ukiwa bado mjini

Trauti wa milimani huvuliwa kwa inzi bandia, yaani ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu. Wakenya wachache wanajua kwamba nchi yetu ni mojawapo ya zile zinazowafunga inzi hawa kwa mkono na kuwauza ng'ambo. Mafundi wetu, wengi wao wakiwa wanawake, hukaa mezani na kufunga kwa mamia inzi watakaomvua trauti wa Uingereza na Marekani. Kwa mvuvi wa Nairobi hii ni baraka, kwa sababu inzi wazuri hupatikana papa hapa nyumbani. Kenya Bug, inzi mweusi wa manyoya laini anayezama, amezaliwa kwenye mito yetu na hadi leo ndiye wa kwanza ninayemfunga nikiwa na shaka.

Katika uvuvi huu mambo yamegeuka. Kwenye bwawa, uzito wa chubwi na chelezo ndio unaovuta mshipi. Hapa inzi hana uzito wowote, na kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Mbele yake hufungwa uzi mwembamba usioonekana, wa futi 7 hadi 9, na inzi hukaa mwisho wake. Ufito ufaao kwa mito yetu midogo ni wa futi 7 hadi 8, wa namba 4 au 5 (namba hii huonyesha uzito wa mshipi unaoufaa), ukiwa na mshipi wa namba hiyo hiyo unaoelea. Namba za ufito na mshipi zikipishana utateseka bure ukidhani kosa ni la mkono wako.

Nenda kwenye uwanja wa nyasi, kwa mfano Arboretum asubuhi watu wakiwa wachache, na badala ya inzi ufunge kipande cha uzi wa sufi wa rangi kali. Usifanye mazoezi kwa ndoano mahali palipo na watu. Nyosha mita 6 za mshipi mbele yako, ncha ya ufito ikiwa chini. Inua ufito ukiongeza kasi, kisha usimamishe ghafla kidole gumba kinapofika usawa wa sikio. Sasa ngoja. Mshipi lazima ujinyoshe wote nyuma yako kabla hujaurudisha, na hapa ndipo karibu kila mtu hukosea, kwa kuwa hatuoni kinachotokea nyuma na tunaona haya kungoja. Geuza kichwa uutazame; hakuna sheria inayokataza. Ukishanyooka, sukuma mbele, simamisha ufito usawa wa kipaji cha uso, na uache mshipi utue. Ukisikia mlio kama wa kiboko cha mchunga ng'ombe, umeharakisha, na mtoni mlio huo humaanisha inzi amekatika. Robo saa kila siku kwa majuma mawili inatosha. Usihangaike na kurusha mbali, kwa sababu mito ya Nyeri na Kirinyaga ni myembamba na imefunikwa na miti, na samaki wengi niliowatoa walikuwa ndani ya mita 6.

Hatua ya sita: ruhusa, majira na mahali

Panga safari Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Mvua za masika na za vuli huijaza mito udongo, na trauti anayewinda kwa macho haoni inzi katika maji ya rangi ya chai ya maziwa. Mito inayojulikana ni Gura, Chania, Mathioya na Ragati, pamoja na Sagana, Thiba na Naro Moru katika sehemu zao za juu. Chania ninayoitaja ni ile ya upande wa Nyeri, si ile ya maporomoko ya Thika, ingawa zote mbili zinatoka Aberdare. Nimekutana na watu walioshuka Thika na fito zao. Juu zaidi, kwenye moorlandi za Mlima Kenya, yaani nyika za baridi zilizo juu ya msitu, kuna maziwa madogo kama Rutundu na Alice yenye trauti wa upinde wa mvua, lakini hiyo ni safari ya miguu yenye baridi kali na si ya mtu anayeanza. Ukipita Kiganjo, ulizia kituo cha serikali cha kuzalisha trauti, kwa sababu kumwona samaki huyu kwa karibu, madoa yake na jinsi anavyoelekeza kichwa kwenye mkondo daima, ni somo ambalo maneno hayatoshi kulifundisha.

Mbali na leseni ya uvuvi, mto ulio ndani ya hifadhi ya taifa una kiingilio chake na masharti ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Omba askari wa wanyamapori akusindikize. Aberdare kuna ndovu na nyati kwenye vichaka vile vile vya ukingoni, na mtu aliyeinamia maji, masikio yamejaa sauti ya mkondo, hawezi kujilinda peke yake. Mwulize afisa anayekupa leseni akutajie idadi ya samaki unaoruhusiwa kubeba kwa siku na urefu ambao chini yake samaki hana budi kurudishwa, na uchukue utepe wa kupimia.

Hatua ya saba: mtoni

Mara ya kwanza nilipofika Gura nilivaa viatu, nikafunga inzi, nikaingia majini hadi magotini kwa furaha kubwa. Mzee aliyekuwa ametuongoza kutoka kijijini alinitazama kwa muda, kisha akaniambia, “Mwanangu, umeingia bila kupiga hodi. Wenye nyumba wameshatoka kwa mlango wa nyuma.” Alinitoa, akanipeleka mita mia moja juu, akaniketisha kwenye jiwe na kuninyang'anya ufito kwa upole. Tulikaa nusu saa. Kilichoonekana kwangu kama kivuli cha jiwe kilianza kuyumba, kikapanda juu kidogo, kikafungua mdomo mweupe, kikarudi mahali pake. Alikuwa trauti, na nilikuwa nimemtazama muda wote huo bila kumwona.

Kwa hiyo kaa. Vaa nguo za rangi ya majani makavu na miwani ya jua ya aina inayokata mng'ao wa maji. Trauti hukaa akiuelekea mkondo, kwa sababu mkondo ndio humletea chakula, lakini hapendi kupoteza nguvu akishindana nao. Hivyo humtafuti katikati ya maji yanayonguruma. Mtafute nyuma ya jiwe ambako maji yamelegea, pembeni mwa povu linalozunguka, chini ya ukingo uliochimbwa na maji, na mahali kijito kinapoingia kwenye dimbwi refu. Mstari ule ambapo maji ya kasi yanapakana na maji ya polepole ndio meza yake ya chakula: mwenyewe yuko upande wa polepole, mdomo ukielekea upande wa kasi. Geuza jiwe moja dogo ukingoni uone wadudu walioshika chini yake, na uchague inzi mwenye ukubwa na rangi inayokaribiana nao, kwa kawaida namba 10 hadi 14.

Kwa kuwa samaki anaangalia juu ya mto, wewe njoo kutoka chini, nyuma yake, ukiinama na kukanyaga taratibu; mtikisiko wa hatua hupita kwenye ardhi na kumfikia kabla hajakuona. Rusha inzi aanguke mita moja juu ya mahali unapomdhania, kisha umwache ashuke na maji kwa kasi ya maji yenyewe. Inzi anayevutwa kinyume cha mkondo hamdanganyi trauti aliyezoea wadudu wanaochukuliwa na maji. Kadiri inzi anavyokukaribia, kusanya mshipi uliolegea kwa mkono wa kushoto. Mshipi ukisita hata kwa kitambo kidogo, inua ncha ya ufito. Mara nyingi litakuwa jani au jiwe, na siku moja litakuwa uhai unaovuta.

Akishikwa, weka ufito juu uwe umepinda, kwa sababu mpindo huo ndio unaomchosha bila kukata uzi. Akikimbia mpe mshipi, akisimama urudishe. Mlete kwenye maji yaliyotulia, mtelezeshee wavu chini yake, wala usimkimbize nao. Kama ni wa kurudishwa, lowanisha mikono kwanza, maana mkono mkavu humvua ute unaomkinga na maradhi. Usimshike matamvuani, usimbane tumbo, usimkokote kwenye mchanga. Bana kwa koleo kijino kinachorudi nyuma kwenye ndoano kabla hujaanza kuvua, nayo itatoka kwa msukumo mmoja. Kisha mshikilie majini, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke mwenyewe. Kama ni wa kuliwa, mpige mara moja juu ya kichwa kwa kipande cha mti mzito, mpasue papo hapo, toa matumbo na ile damu nyeusi iliyolala kwenye uti wa mgongo, umweke kwenye barafu. Kumwacha atapetape ukingoni ni ukatili, na nyama yake huharibika vilevile.

Uwe na fimbo ya kupimia kina, usivuke mahali ambapo maji yanapita magoti, na mtu mmoja nyumbani ajue uko mto gani na utarudi saa ngapi. Mvua ikinyesha juu mlimani, mto hupanda hata kama ulipo wewe kuna jua. Ukiona maji yameanza kuwa na rangi au majani mengi yanashuka ghafla, toka.

Kama siku moja utamfuata samoni mwenyewe

Samoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini na kurudi mtoni kuzaa. Samoni wa Pasifiki hufa baada ya kuzaa, na wa Atlantiki wengine huponea. Akiwa safarini kurudi huacha kula karibu kabisa, hivyo mvuvi hamdanganyi kwa njaa bali kwa kumchokoza, akirusha inzi mkubwa mwenye rangi avuke mbele yake kwa kukingama mkondo. Ufito ni mrefu, wa mikono miwili, na subira yake ni ya siku, si ya saa. Uskoti si lazima uwe na leseni ya jumla, lakini ni lazima upate idhini ya mwenye haki ya uvuvi wa mto huo, na Jumapili samoni havuliwi. Kwa upande wa England kuna leseni ya ufito, na ya samoni ni tofauti na ya samaki wengine. Rekodi ya Uingereza nzima, Uskoti ikiwemo, ya samoni aliyevuliwa kwa ufito bado ni ya Georgina Ballantine, aliyemtoa samaki wa ratili 64 katika Mto Tay wa Uskoti mwaka 1922.

Hatua ya mwisho: jikoni na kuhifadhi vifaa

Trauti mbichi hahitaji viungo vingi. Mchanje mbavuni mara tatu, mpake chumvi, ndimu na kitunguu saumu, mjaze dhania tumboni, mfunge kwenye karatasi ya alumini ya jikoni na umweke juu ya makaa yaliyofifia kwa dakika kama 7 kila upande. Nyama ikiachana na mfupa kwa uma, ameiva. Mle na ugali au viazi vya Kinangop vilivyochemshwa na maganda.

Usiku huo huo, kabla ya kulala, fungua daftari na uandike mto, saa, hali ya maji, inzi aliyefanya kazi na mahali samaki alipokuwa amesimama. Futa mshipi wa inzi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, maana uchafu huuzamisha. Toa rili kwenye ufito uiache wazi ikauke, anika wavu, na osha viatu uondoe matope na vipande vya magugu, hasa kama umetoka Naivasha, ambako gugu maji limejaa na kipande kidogo kinatosha kulihamisha. Vianike juani mpaka vikauke kabisa kabla ya kuviingiza katika maji mengine.